Damu Haijui Kabila: Karagwe, Selimundu na Malaria

Mwishoni mwa 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, akapokewa kwa ukarimu na Mukama Rumanyika. Kitabu chake cha 1863 kilieneza nadharia kwamba watawala na wafugaji wa nchi za maziwa walikuwa jamii ya asili ya kigeni, yenye chimbuko Uhabeshi, iliyokuja kuwatawala wakulima. Nadharia hiyo ikawa nyenzo ya utawala wa kikoloni, na matunda yake machungu tuliyaona 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika Ngara na Karagwe.

Hatukuwa tumefika huko bado pale sayansi ilipoombwa ushahidi. Mwaka 1949 Hermann Lehmann na Alan Raper walichapisha matokeo ya kupima selimundu miongoni mwa makabila ya Uganda, nchi jirani ya Karagwe. Waliobeba kinasaba hicho walikuwa chini ya asilimia 1 katika baadhi ya jamii na takriban asilimia 45 kwa Waamba. Watafiti hao walizisoma tofauti hizo kama alama za asili za makabila. Damu, kwa maneno mengine, iliitwa mahakamani kuthibitisha ukoo.

Aliyeigeuza kesi hiyo ni Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Aliona kwamba kinasaba cha selimundu kilikuwa kingi pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na haba katika nyanda za juu zenye baridi. Ramani hiyo haikufuata lugha wala nasaba, ilifuata mbu. Karibu na Kampala alipima watoto 290: vimelea vya malaria vilionekana kwa asilimia 28 hivi ya waliobeba kinasaba hicho, na kwa asilimia 46 ya wasiokibeba. Matokeo yalichapishwa 1954.

Maelezo yake ni haya. Mtoto aliyerithi kinasaba cha selimundu kwa mzazi mmoja ana chembe nyekundu ambazo, zikiingiliwa na kimelea, huelekea kujikunja na kuondolewa na bandama, na kimelea hukua kwa shida ndani yake. Kinga hiyo hupunguza malaria kali kwa takriban asilimia 90. Lakini aliyerithi kwa wazazi wote wawili hupata ugonjwa wa selimundu, na kwake malaria ni hatari ya kifo. Kwa vizazi vingi jamii za mabondeni zilinunua uhai wa watoto wengi kwa maisha ya wachache. Hapana kabila bora katika hesabu hiyo, pana mazingira.

Deni hilo bado linalipwa. Utafiti uliofanywa kupitia Hospitali ya Bugando kwa damu ya watoto wachanga zaidi ya 17,000 wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania ulikuta mmoja kati ya watano hivi amebeba kinasaba hicho, na zaidi ya asilimia 1 wana ugonjwa wenyewe.

Sasa kimelea nacho kimebadilika. Uchunguzi wa 2021 ulikuta badiliko la kinasaba liitwalo 561H, lililokwisha kuonekana Rwanda, katika zaidi ya sampuli moja kati ya tano wilayani Karagwe. Kyerwa, iliyokuwa sehemu ya Karagwe hadi 2012, nayo imo. Badiliko hilo huifanya artemisinini ichelewe kuua vimelea. Dawa mseto bado inaponya, lakini nguzo yake moja imeanza kutikisika.

Kosa la zamani linaweza kurudi kwa vazi jipya. Ni rahisi kusema usugu umeletwa na wahamiaji, kama ilivyokuwa rahisi kusema selimundu ni alama ya kabila. Kimelea husafiri ndani ya mkulima, mfanyabiashara wa kahawa na mtumishi wa umma bila kuulizana uraia. Mpaka unahitaji ufuatiliaji wa pamoja na Rwanda na Uganda, si kidole cha lawama.

Na kwa mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu wa Kayanga au Nkwenda, dawa inayochelewa ni tishio kubwa kuliko kwa mwingine yeyote. Kumpima anapozaliwa, kumpa kinga ya malaria na kumpatia dawa inayofanya kazi ni mambo ya bajeti. Damu yake imekwisha kutimiza wajibu wake kwa jamii. Zamu iliyobaki ni ya serikali.