Barua Mia Moja: Walutheri katika Siasa ya Marekani na Wajibu wa Walei

Vijana wa parokia zetu huuliza mara kwa mara kama Mkristu anaweza kuingia katika siasa bila kuipoteza imani yake. Ni swali la haki, hasa kwetu Ituri, ambako neno «siasa» limewaumiza watu wengi kuliko lilivyowajenga. Leo twataka kulitazama swali hilo kupitia historia ya ndugu zetu Walutheri wa Marekani. Si kanisa letu, wala si nchi yetu. Lakini mtu mmoja kati yao aliguswa na maafa ya eneo hili la Maziwa Makuu mwaka 1994, na akaacha funzo ambalo hatuna budi kulipokea.

Walutheri hawakuingia katika utumishi wa umma kwa bahati. Ungamo lao la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 16, lafundisha kwamba Mkristu aweza kushika madaraka ya serikali, kuhukumu kwa sheria na kutimiza wajibu wa raia bila kutenda dhambi. Martin Luther alifundisha kwamba Mungu huutawala ulimwengu kwa namna mbili: kwa Injili, inayogusa moyo, na kwa sheria, inayozuia uovu. Mtu mmoja huishi chini ya zote mbili. Shida huanza pale anapolazimika kujua lini anasema kwa jina la ipi.

Shida hiyo iliikuta familia moja ya Pennsylvania. Mwaka 1742 mchungaji Henry Melchior Muhlenberg alifika huko kutoka Ujerumani, akawakusanya Walutheri waliokuwa wametawanyika, na leo anahesabiwa kuwa baba wa kanisa lao katika nchi hiyo. Wanawe wawili, Peter na Frederick, wakawa wachungaji kama yeye. Vita vya uhuru dhidi ya Waingereza vilipokaribia, Peter aliacha usharika wake wa Woodstock, Virginia, akawa kamanda wa kikosi. Yasimuliwa kwamba alihubiri kuhusu majira ya vita na majira ya amani, kisha akavua kanzu yake mbele ya waumini na kuonyesha sare ya jeshi. Masimulizi hayo yaliandikwa na mtu wa ukoo wao miaka mingi baadaye, nasi twayataja kama masimulizi tu. Linalojulikana kwa hakika ni kwamba Frederick, aliyekuwa mchungaji New York, alimwandikia kaka yake kumkemea. Peter akajibu kwamba yeye ni mchungaji, ndiyo, lakini pia ni mwana wa jamii, na uhuru ni wa thamani kwake kama kwa mtu mwingine yeyote.

Mwaka 1776 Waingereza walipoikaribia New York, Frederick mwenyewe alilazimika kukimbia na jamaa yake. Miaka mitatu baadaye aliacha uchungaji na kuingia katika Bunge la makoloni yaliyoasi. Mwaka 1789 alichaguliwa kuwa Spika wa kwanza wa Baraza la Wawakilishi la Marekani, na Peter alikuwa mjumbe wa baraza hilo hilo.

Cheo hicho hakikuwa mto laini. Mwezi wa Aprili 1796 wajumbe waligawanyika sawasawa, 49 kwa 49, juu ya mkataba na Uingereza uliochukiwa na wananchi wengi. Frederick, aliyekuwa akiongoza kikao, alipiga kura ya kuamua, akaupitisha. Siku chache baadaye shemeji yake mwenyewe alimchoma kisu. Alipona, lakini hakuchaguliwa tena Bungeni. Tazameni, vijana wapendwa: katika saa ile hakuna mtu aliyeweza kumpigia kura badala yake. Uamuzi ulikuwa wa dhamiri yake, na gharama ilikuwa ya mwili wake.

Baada ya ndugu hao wawili, Walutheri wengine wengi walishika nafasi za juu, ingawa hakuna hata mmoja aliyefika kuwa rais. William Rehnquist alikuwa Jaji Mkuu wa Marekani tangu mwaka 1986 hadi kifo chake mwaka 2005. Mazishi ya Mlutheri huyo yalifanyika katika Kanisa Kuu Katoliki la Mtakatifu Mathayo, Washington. Tim Walz, gavana wa Minnesota, aligombea umakamu wa rais mwaka 2024. Lakini kwetu sisi habari iliyo nzito zaidi ni ya ndugu wengine wawili, wana wa wamisionari Walutheri waliokuwa wametumwa China: Paul na Arthur Simon.

Paul alizaliwa mwaka 1928. Akiwa kijana alimwona baba yake, mchungaji, akipinga hadharani amri ya mwaka 1942 iliyowafungia kambini Wamarekani wenye asili ya Japani. Majirani walikasirika, na kijana Paul aliona haya. Alipokuwa mtu mzima alikiri kwamba siku ile ilikuwa kati ya zile alizojivunia zaidi baba yake. Akiwa na miaka 19 alishika gazeti dogo la mji wa Troy, Illinois, akafichua kamari haramu iliyolindwa na wakubwa. Baadaye alichaguliwa katika bunge la jimbo lake, na mwaka 1960 akamwoa mbunge mwenzake, Jeanne Hurley, Mkatoliki. Wawili hao waliandika kitabu juu ya ndoa za Wakatoliki na Waprotestanti. Tangu mwaka 1985 hadi 1997 Paul alikuwa seneta.

Arthur alichagua njia nyingine. Alikuwa mchungaji katika mtaa wa maskini wa New York, na mwaka 1974, pamoja na Wakatoliki na Waprotestanti, alianzisha shirika la Bread for the World. Shirika hilo halikugawa chakula. Liliwafundisha waumini kuwaandikia wabunge wao barua, ili sheria za nchi ziwakumbuke wenye njaa. Hivyo mmoja wa ndugu hao aliketi ndani ya Seneti, na mwingine aliwafundisha watu kuisemesha Seneti kutoka nje.

Mwaka 1994 Paul Simon aliongoza kamati ndogo ya Seneti inayohusika na Afrika. Mauaji ya kimbari yalianza Rwanda mwezi wa Aprili, na tarehe 21 Aprili Umoja wa Mataifa uliamua kupunguza askari wake hadi 270. Simon, pamoja na seneta James Jeffords, alimpigia simu Kigali jenerali Roméo Dallaire, mkuu wa askari hao. Dallaire aliwaambia kwamba akiletewa askari kati ya 5,000 na 8,000 upesi, angeweza kuyazuia mauaji. Siku hiyo hiyo, tarehe 13 Mei, maseneta hao waliandika barua kwa Rais Clinton. Jibu lilichukua siku 27. Mwezi wa Julai mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka mpaka kuingia Goma, na yaliyofuata katika nchi yetu hatuna haja ya kuwasimulia.

Simon hakuitupia lawama serikali peke yake. Alisema baadaye kwamba kama kila mbunge na kila seneta angepokea barua mia moja kutoka kwa watu wa kwao, wakidai jambo fulani litendeke kwa ajili ya Rwanda, anaamini mambo yangekwenda vingine. Barua mia moja! Parokia moja ya kawaida ingeweza kuziandika katika Jumapili moja. Mwanasiasa mwenye dhamiri alikuwepo, alijua, alisema. Lakini alisimama karibu peke yake, kwa sababu waumini walionyamaza walikuwa wengi.

Hapo ndipo historia hii inapoligusa swali letu. Sisi tumezoea kuuliza kama mwanasiasa fulani ni Mkristu wa kweli. Mara chache twauliza kama sisi tumekuwa watu ambao mwanasiasa Mkristu aweza kuwategemea.

Congo nayo ina ushahidi wake. Askofu Mkuu Laurent Monsengwo wa Kisangani aliongoza Mkutano Mkuu wa Taifa ulioanza mwaka 1991, akiitwa na wajumbe kuwa mpatanishi. Serikali ilipousimamisha mkutano mwezi wa Januari 1992, waliosimama ni walei. Tarehe 16 Februari 1992 Wakristu wa Kinshasa, Wakatoliki na Waprotestanti, waliandamana mikononi wakiwa na rozari na Biblia wakidai mkutano ufunguliwe. Askari waliwapiga risasi, na wengi walikufa. Mwezi wa Aprili mkutano ulifunguliwa tena. Askofu alikuwa na kiti. Walei ndio waliokirudishia sauti.

Tukumbuke pia kwamba Kanisa letu, katika kanuni ya 285 ya Sheria ya mwaka 1983, lawakataza mapadri kushika vyeo vyenye mamlaka ya kiserikali. Padri Apollinaire Malu Malu wa Butembo-Beni aliyesimamia uchaguzi wa mwaka 2006 alikuwa msimamizi wa kura, hakuwa mwombaji wa kura. Maana yake si kwamba Kanisa halitaki siasa. Maana yake ni kwamba kazi hiyo ni ya walei kwa haki yao wenyewe, kama Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulivyofundisha. Frederick Muhlenberg alipotaka kuwa mbunge aliacha mimbari. Mlei hana cha kuacha: ameitwa humo humo alimo.

Sisi wa Bunia twajua kusubiri msaada. Mwezi wa Mei 2003 damu ilimwagika hata katika parokia ya Nyakasanza, ambako watu walikuwa wamekimbilia, na askari wa Ulaya walifika mwezi wa Juni. Twajua thamani ya kila siku inayopita kati ya kilio na jibu. Basi tusiwe sisi wa kunyamaza wengine wanapolia, wawe Wahema, Walendu, Wabira, Waalur au Wanande. Mwenye kuandikia mbunge wake kwa ajili ya kabila lake tu bado hajaanza kuandika kama Mkristu.

Maswali ya kutafakari kikundini

1. Mbunge wa eneo letu ni nani, na ni lini tulimwandikia kwa mara ya mwisho jambo lisilotuhusu sisi wenyewe?

2. Frederick Muhlenberg alipoteza kiti kwa kura moja. Ni kura au neno gani tungekuwa tayari kulilipia hivyo?

3. Kikundi chetu kingeandika barua mia moja, zingehusu nini, na zingetetea nani?