Kibiti: Jinai Iliyokosa Shahidi

Kisheria, mauaji hayamsubiri mwathirika akubali kushtaki. Mlalamikaji ni Jamhuri, na Sheria ya Ushahidi ya 1967 haidai idadi maalumu ya mashahidi: mmoja anayeaminika aweza kutosha. Swali la Kibiti ni huyo mmoja angetoka wapi.

Kati ya 2016 na 2017, katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga, waliuawa watu zaidi ya 30. Taifa linaikumbuka zaidi tarehe 13 Aprili 2017, askari polisi 8 walipoviziwa na kuuawa Mkengeni. Mimi naiona orodha nyingine kuwa na uzito zaidi kwa mwanahistoria: wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, makada wa chama tawala. Mwenyekiti wa kitongoji ndiye anayejua mgeni amelala kwa nani, na kwake ndiko jirani hupeleka neno kabla halijafika polisi. Kumuua yeye ni kuifunga njia ya taarifa. Jirani aliyeona alielewa bila kuambiwa.

Wananchi walihimizwa kutoa ushirikiano. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ilikwishatungwa mwaka 2015, lakini utamfichaje shahidi katika kijiji ambacho mtu akipanda boti kwenda mjini, wote wanajua kabla hajarudi? Mikoko ya delta iliificha manowari ya Kijerumani, Königsberg, tangu 1914 hadi Julai 1915. Humficha mwenye silaha. Mwenyeji aliyekwenda kituoni haimfichi.

Likaja jibu la dola. Mei 2017 Simon Sirro aliteuliwa kuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi, pikipiki zikapigwa marufuku usiku, na Agosti polisi wakatangaza kuwa watuhumiwa 13 wameuawa katika mapambano. Huenda usalama ulirejea kwa njia hiyo, nami siubezi. Aliyezika mumewe hana anasa ya kuubeza. Ila mtuhumiwa aliyekufa hapandi kizimbani, na alichokijua kuhusu waliomtuma huzikwa naye. Wakati huohuo familia zikaanza kulalamika kwamba ndugu zao wamechukuliwa na hawajarudi. Shahidi sasa alikuwa na pande mbili za kuziogopa, na lile jina la “watu wasiojulikana” likawatosha wote. (Wasiojulikana na nani, hilo halikuulizwa sana.)

Azory Gwanda, mwandishi wa Mwananchi aliyeripoti mauaji hayo, alitoweka Kibiti tarehe 21 Novemba 2017. Hapa hatuwezi kusingizia ukimya wa waathirika: familia yake ilitoa taarifa polisi na ikazungumza hadharani. Julai 2019 Waziri Palamagamba Kabudi aliiambia BBC kwamba Azory alitoweka na kufariki, kisha ikatolewa kauli kuwa hakueleweka vizuri. Mwili haukuonyeshwa, na hakuna aliyefikishwa mahakamani.