Uwanja wa Ndege wa Songwe: mwongozo kwa msafiri anayetoka Ileje, Momba na Mbozi

Msikilizaji wetu wa Mbebe anayempeleka mgonjwa Dar es Salaam, au anayewahi msiba, hulinganisha njia mbili. Kwa basi kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, safari ya kutwa nzima na mara nyingine hadi usiku. Kwa ndege kutoka Songwe hadi Dar es Salaam ni kama saa moja na nusu hivi. Lakini tiketi ya ndege ni pesa nyingi, na wanaoipoteza wengi huipoteza kabla hawajafika uwanjani. Tumeandika mwongozo huu kwa ajili ya safari hiyo ya kutoka nyumbani hadi mlango wa uwanja.

Songwe ipi?

Uwanja wa Ndege wa Songwe haupo Mkoa wa Songwe. Upo Mkoa wa Mbeya, kando ya barabara kuu ya TANZAM, kilomita ishirini na kidogo kabla ya kuingia Jiji la Mbeya ukitokea Tunduma. Ulifunguliwa Desemba 2012 kuchukua nafasi ya uwanja mdogo wa zamani uliokuwa ndani ya mji wa Mbeya. Mkoa wetu wa Songwe ulizaliwa baadaye, mwaka 2016, ulipomegwa kutoka Mbeya, na makao yake makuu ni Vwawa.

Ipo pia Wilaya ya Songwe, makao yake Mkwajuni. Na ipo mito miwili yenye jina hilo: Songwe wa Ileje, unaotutenganisha na Malawi na kumwaga maji Ziwa Nyasa, na Songwe mwingine wa upande wa uwanja, unaoelekea Ziwa Rukwa. Kwa hiyo ukimwambia konda "nashuka Songwe" tu, hajakuelewa. Sema: "Nashuka uwanja wa ndege, kabla ya Mbalizi." Ukifika Mbalizi, ujue umeshapitiliza.

Kwenye tiketi yako utaona limeandikwa Mbeya, au herufi MBI. Usishtuke. Ni uwanja huo huo.

Njia ya kufika

Anayetoka Ileje akishaishika barabara ya lami ya Isongole, anakwenda nayo hadi Mpemba, pale inapokutana na barabara kuu. Lami hiyo yote ni kama kilomita 50. Kutoka Mpemba anaelekea upande wa Mbeya: anapita Vwawa, kisha Mlowo, halafu anavuka kuingia Mkoa wa Mbeya. Kutoka Tunduma mjini hadi uwanjani ni kama kilomita 80.

Kilomita hizo zisikudanganye. Barabara hii inabeba malori ya mizigo ya Zambia na Kongo. Foleni ya kuingia mpakani Tunduma inaweza kuwa ndefu, na lori moja likiharibika kwenye mlima, kila gari linasubiri. Magari ya abiria nayo hungoja yajae na husimama njiani. Kutoka Ileje hesabu saa nne za njiani, si mbili.

Mfano: ndege inaondoka saa 8:20 mchana. Unatakiwa uwe uwanjani saa mbili kabla, yaani saa 6:20. Ondoa saa nne za njiani na dharura kidogo: toka nyumbani saa 1 asubuhi au saa 2 kasoro. Kama ndege ni ya asubuhi, usijaribu kutoka Ileje siku hiyo hiyo. Lala Vwawa au Mbalizi, kwenye nyumba ya wageni, umalizie safari kukipambazuka.

Saa ya tiketi na saa ya simu

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Tiketi huandikwa kwa saa za Kizungu. Ikisoma 07:40 maana yake ni saa 1:40 asubuhi, si saa 7:40 mchana. Ikisoma 14:20 ni saa 8:20 mchana. Toa sita kwenye namba ya kwanza utapata saa yetu. Atakayekosea hapo atafika saa sita baada ya ndege kuondoka.

Sisi wa mpakani tuna mtego wa pili. Zambia na Malawi ziko nyuma yetu kwa saa moja. Simu ikinasa mtandao wa ng'ambo, upande wa Nakonde au Chitipa, inaweza kujirudisha nyuma saa nzima bila wewe kujua. Unaamka ukiona saa 11 alfajiri, kumbe ni saa 12. Usiku wa kuamkia safari, linganisha simu na saa ya ukutani au tangazo la saa redioni.

Tiketi, kitambulisho na mizigo

Shirika la ndege la taifa, ATCL, na Precision Air ndiyo majina yaliyozoeleka kwenye uwanja huu. Ratiba hubadilika, hivyo uliza upya siku moja kabla. Nunua kwenye ofisi ya shirika au kwa wakala unayemjua, na upewe namba ya tiketi hapo hapo. Kisha lipigie shirika lithibitishe kwamba namba hiyo ina jina lako. Jina lisomeke kama lilivyo kwenye kitambulisho. Jina la nyumbani halitakusaidia mlangoni.

Uzito wa begi umeandikwa kwenye tiketi, mara nyingi kilo 23 kwa begi la kupakia na kilo 7 la mkononi. Kinachozidi kinalipiwa. Maharage, mchele na parachichi vinasafiri vizuri vikifungwa vyema. Kisu, panga na mkasi viweke kwenye begi la kupakia. Petroli, mafuta ya taa na mtungi wa gesi haviingii kwenye ndege kabisa.

Ukisafiri na mgonjwa, mjamzito wa miezi ya mwisho au aliyetoka kufanyiwa upasuaji, liulize shirika kabla ya kulipa. Huenda likahitaji barua ya daktari, na anayeweza kukataliwa mlangoni ni yule asiye nayo. Kiti cha magurudumu nacho huombwa mapema.

Ukungu na kusubiri

Nyanda zetu zina ukungu na mawingu mazito, hasa asubuhi za masika. Rubani akishindwa kuona njia, ndege huchelewa au hurudi ilikotoka. Usiahidi kufika kliniki Dar es Salaam saa mbili baada ya kutua; acha nafasi ya siku moja ikiwezekana. Beba sweta la huku na nguo nyepesi ya kule, maana joto la Dar linakupokea mlangoni.

Mwenye siku ya ziada anaweza kukiona Kimondo cha Mbozi kule Ndolezi, bonge la chuma lililoanguka kutoka angani, lenye urefu wa kama mita tatu. Usikiweke siku ya ndege.

Kurudi nyumbani

Ukitua Songwe, huna lazima ya kwenda Mbeya mjini. Toka hadi barabara kuu na usimame upande wa magari yanayoelekea Tunduma. Yakipita yamejaa, nenda Mbalizi ukapande pale. Anayekwenda Ileje ashuke Mpemba. Ndege ikitua jioni sana, lala Mbalizi, kwa sababu ukifika Mpemba usiku unaweza kukosa gari la kukupeleka Ileje.