Unguja kwa Heligoland: Husuma ya Dola Kubwa Kabla ya Vita vya 1914

Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mkataba ambao kwa watu wa mwambao wa Afrika ya Mashariki ulikuwa na uzito kuliko vita vingi walivyopata kuvisikia, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyekaa barazani ulipoandikwa. Kwa mkataba huo Ujerumani ilikiri himaya ya Waingereza juu ya Unguja na Pemba, ikaachia na madai yake juu ya Witu. Nayo Uingereza ikatoa Heligoland, kisiwa cha majabali mekundu kisichotimia maili moja ya mraba, kilichoko katika Bahari ya Kaskazini mbele ya mlango wa mto Elbe, ikaahidi pia kumshawishi Sultani awaachie Wajerumani pwani ya Mrima, ambayo bei yake ilikatwa kuwa marki milioni 4.

Witu ndiyo iliyoonja kwanza uchungu wa mapatano hayo. Mji huo, ulioko bara ya Lamu, ulikuwa chini ya bendera ya Kijerumani tangu 1885, na wakuu wake walikuwa wamejikinga kwa Wajerumani dhidi ya Sultani wa Unguja. Mwezi wa Septemba 1890, walipokwisha kukabidhiwa kwa Waingereza pasipo shauri lao, Wajerumani kadhaa waliuawa huko. Na mwezi wa Oktoba wanamaji wa Kiingereza, wakiongozwa na Amiri Fremantle, walipanda kutoka pwani wakauteketeza mji, kutoza kisasi cha damu ya Wajerumani.

Waandishi wengi wa tarehe, wanapoeleza asili ya Vita Vikuu vya 1914, hutaja ugomvi wa makoloni kuwa miongoni mwa sababu zake, kisha wakapita. Rai yangu ni kinyume kidogo. Maadamu palikuwa na mali ya watu wengine ya kubadilishana, husuma ya dola kubwa ilipata mahali pa kutokea, kama wachuuzi wawili wachukianao lakini wasioacha kuuziana. Hatari ilizidi pale bidhaa ilipokwisha, na hofu ikabaki peke yake.

Hata hivyo hofu haikungoja bidhaa iishe ndipo ianze kukua. Agosti 1896, Sayyid Hamad bin Thuwaini, Sultani wa Unguja, alipofariki, Sayyid Khalid bin Barghash aliingia katika jumba la kifalme bila ya ridhaa ya Waingereza, na tarehe 27, saa 3 ya asubuhi ilipopita kidogo, manowari zao zikafungua mizinga juu ya jumba, na kabla ya saa moja kutimia mambo yalikuwa yamekwisha. Khalid alikimbilia nyumba ya balozi wa Ujerumani. Askari wa Kiingereza wakamlinda mlangoni wiki baada ya wiki, wakitumaini kumkamata atakapotia mguu njiani. Lakini bustani ya balozi ilishuka hadi baharini, na tarehe 2 Oktoba, maji yalipojaa, mashua ya manowari Seeadler ililetwa mpaka ngazi ya bustani, Khalid akapanda kutoka ardhi ya ubalozi hadi chombo cha Mjerumani pasipo kuikanyaga ardhi ya Unguja, akapelekwa Dar es Salaam. Uingereza ilipiga kelele, na jambo likaishia hapo. Mwezi wa Januari wa mwaka uo huo Kaiser Wilhelm alikuwa amempelekea Rais Kruger wa Transvaal simu ya maandishi ya kumpongeza kwa kuwashinda wavamizi waliotoka upande wa Waingereza, na magazeti ya London yakawaka moto. Haya yote yalikuwa madogo, lakini yalifunza watu wa nchi mbili kudhaniana vibaya.

Mwaka 1898 Amiri Tirpitz wa Ujerumani aliipitisha sheria yake ya kwanza ya manowari, akaifuatishia ya pili mwaka 1900, na Heligoland, kile kisiwa kilichokuwa malipo ya Unguja, kikajengewa ngome na bandari ya kivita. Uingereza, ambayo chakula chake kingi kilikuja kwa bahari, haikuweza kuyatazama haya kwa utulivu. Februari 1906 iliishusha majini manowari Dreadnought, yenye mizinga 10 ya inchi 12, ambayo kwa nguvu na mwendo wake ilizifanya zote zilizotangulia kuwa za kale. Na katika hizo za kale nyingi zilikuwa za Waingereza wenyewe, hata Wajerumani wakapata mwanzo mpya wa mbio ambazo kabla ya hapo walikuwa nyuma sana. Silaha iliyoundwa ili kumkatisha tamaa adui ndiyo iliyompa tamaa. Mwaka 1909 Serikali ya Uingereza, baada ya mabishano makali juu ya manowari 4 au 6, ilimalizia kwa 8, na mwaka 1912 waziri wake Lord Haldane alipokwenda Berlin kutafuta suluhu, Wajerumani walitaka kwanza ahadi kwamba Uingereza haitaingia vitani dhidi yao, ahadi ambayo London haikuweza kuitoa pasipo kuwatupa rafiki zake.

Na rafiki hao walikuwa wamekwisha kupatikana kwa biashara ile ile. Ujerumani ilipomwondoa Chansela wake Bismarck mwaka 1890, iliuacha mkataba wake na Urusi ufe, na Urusi ikafungamana na Ufaransa. Mwaka 1904 Uingereza na Ufaransa ziliachiana, Ufaransa ikiachia Misri na Uingereza Moroko. Mwaka 1907 Uingereza na Urusi zikagawanya Uajemi kwa maeneo ya nguvu. Mwaka 1911 Ujerumani ilipeleka manowari Panther mbele ya Agadir, Ulaya ikatetemeka, na mwisho wake Ufaransa ikatoa kipande kikubwa cha Kongo yake ili iachiwe Moroko. Hiyo ilikuwa takriban bei ya mwisho kupatikana kwa ardhi ya Afrika.

Tarehe 28 Juni 1914 manowari za Kiingereza zilikuwa wageni katika bandari ya Kiel, na Kaiser alikuwa katika mashindano ya mashua, alipoletewa habari kwamba mrithi wa kiti cha Austria-Hungary ameuawa Sarajevo. Waingereza na Wajerumani walikuwa wamekwisha kuelewana mwezi huo juu ya reli ya Baghdad. Lakini Serbia, ambayo Austria iliilaumu kwa mauaji hayo, haikuwa Witu: Austria iliona kuiacha ni kuanza kuvunjika kwake yenyewe, na Urusi iliona kuiacha ni kupoteza heshima ya pekee iliyobakia baada ya kushindwa na Ujapani. Urusi ilipoita majeshi yake yote tarehe 30 Julai, makamanda wa Ujerumani, ambao mipango yao ya treni iliandikwa kwa saa na dakika ili Ufaransa ipigwe kwanza kupitia Ubelgiji, hawakuwa na mpango mwingine. Na Kaiser alipotaka tarehe 1 Agosti majeshi yageuzwe yaelekee Urusi tu, Moltke, mkuu wa majeshi yake, alimjibu kwamba haiwezekani. Tarehe 4 Agosti Uingereza iliingia.

Dar es Salaam, Gavana Schnee wa Wajerumani alitaka koloni yao ibaki nje ya vita, akitegemea Mkataba wa Berlin wa 1885; Lettow-Vorbeck, kamanda wa askari wake, hakutaka. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza Astraea iliupiga mji huo mizinga. Tarehe 20 Septemba, alfajiri, manowari ya Kijerumani Königsberg ilitokea mbele ya Unguja na kuikuta Pegasus ya Waingereza imetia nanga ikitengenezwa mitambo. Mizinga ya Mjerumani ilifika mbali zaidi, na siku ile ile Pegasus ikazama. Kuanzia hapo vita vya bara vikaendelea hadi Novemba 1918, na wapagazi, watu wasiokuwa na ugomvi na Serbia wala Austria, walikufa kwa makumi ya maelfu kwa maradhi, njaa na uchovu. Khalid alikamatwa na Waingereza wakati wa vita hivyo, akahamishiwa St Helena na Shelisheli, akafia Mombasa mwaka 1927.

Mwaka 1919, Versailles, washindi waliamuru ngome za Heligoland zibomolewe. Tanganyika ikapewa Uingereza, Ruanda na Urundi zikapewa Ubelgiji, na Ureno, iliyokuwa ikidai fungu lake, ikapata pembe ya Kionga, kusini ya mto Ruvuma.