Kuoanisha nguvu ya amplifaya na spika za nyumbani

Kuoanisha amplifaya na spika ni kuchagua amplifaya inayoweza kuziendesha spika za stirio kwa sauti inayotakiwa bila kuharibu muziki wala vifaa. Wanunuzi wengi hutazama wati pekee, ilhali jambo la kwanza ni unyeti wa spika, yaani desibeli zinazopimwa umbali wa mita 1 spika ikilishwa wati 1. Nguvu ikiongezwa mara 2, sauti hupanda desibeli 3 tu. Ili sikio lihisi sauti imekuwa maradufu, huhitajika nguvu takriban mara 10. Klipschorn, spika kubwa ya pembe iliyobuniwa na Mmarekani Paul Klipsch miaka ya 1940, huvuka desibeli 100, hivyo wati chache za amplifaya ya valvu hujaza sebule. LS3/5A, spika ndogo ya BBC ya miaka ya 1970, ina takriban desibeli 83: kufikia sauti ileile ingetaka nguvu zaidi ya mara 50.

Kinyume na imani iliyoenea, amplifaya ndogo nayo huunguza spika. Ikisukumwa kupita uwezo wake, vilele vya mawimbi hukatwa, sauti hukwaruza, na nishati ya ziada huishia kwenye twita, yaani kipaza sauti kidogo cha sauti za juu ndani ya spika, ambacho koili yake ni nyembamba mno. Mkwaruzo ukisikika, sauti ipunguzwe papo hapo.

Ukinzani wa spika, unaopimwa kwa ohimu, nao huangaliwa: kwa volti zilezile, spika ya ohimu 4 huvuta mkondo mara 2 ya ile ya ohimu 8, na amplifaya isiyoundwa kwa mzigo huo hupata moto au kujizima.