Nani Aliyemfuga Nunda? Hofu katika Bunilizi ya Kiswahili

Mpenzi wa hadithi za kutisha akimwomba mhadhiri wa fasihi amtajie waandishi, aghalabu huelekezwa kwa Edgar Allan Poe au Bram Stoker, kana kwamba Kiswahili hakijawahi kumnyima mtu usingizi. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba hofu ina historia ndefu katika bunilizi yetu, na kwamba historia hiyo ina swali lake mahususi: ni nani aliyekifuga kile kinachotutisha?

Tuanze na masimulizi ya Unguja aliyoyachapisha Edward Steere mwaka 1870 katika Swahili Tales. Miongoni mwayo mna kisa cha Sultani Majinuni na paka wake. Paka huyo anaanza kwa kula mifugo, hatimaye anakula watu. Kila raia wanapolalamika, Sultani huwajibu kuwa paka ni wake na wanaoliwa ni wake pia. Wanawe watatu wanapouawa ndipo anapokiri kuwa huyo si paka tena bali ni nunda. Kitisho cha kisa hiki hakimo katika makucha ya mnyama pekee. Kimo pia katika ule muda mrefu ambapo mwenye uwezo wa kuyakomesha maafa alikataa kuyaona. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Muhammed Said Abdulla analikabili swali hilo kwa njia nyingine katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyoshinda shindano la uandishi la 1957/58 na kuchapishwa mwaka 1960. Maiti ya Bwana Ali, tajiri mwenye mashamba, inakutwa mzimuni, mahali panapoogopwa na wenyeji. Bwana Msa, mpelelezi asiyeachana na kiko chake, anakataa kuwasingizia watu wa kale. Anamtafuta binadamu, naye anampata. Yamkini msomaji atadai kuwa upelelezi huo unaiua hofu. Sisi tunaona kwamba unaihamisha tu: inatoka mzimuni na kuingia katika nyumba za watu wanaojuana.

Katika Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed, mzuka hauhitaji mpelelezi wa kuufumbua. Babu anatoka kaburini kumwandama mjukuu wake, K, mmoja wa tabaka la watawala, na kumtembeza aone dhiki ya umma uliotelekezwa. Hapa mfu ndiye shahidi, naye aliye hai ndiye mshtakiwa. Yule Sultani aliyekataa kuona, sasa analazimishwa kutazama.

Kwa hivyo, anayetafuta hadithi za kutisha tungemshauri aanze na nunda, amfuate Bwana Msa hadi Kisima cha Giningi (1968), ndipo akutane na babu. Poe na Stoker wanaweza kusubiri. Hofu yao haitachakaa. Ama wale wahakiki wanaoziweka hadithi za aina hii katika fungu la burudani ya watoto, wanawapoteza wasomaji wawili kwa mpigo: kijana anayependa kutishwa, na mwanafunzi ambaye angegundua kuwa Waswahili walitumia hofu kuwahoji wakubwa wao tangu kabla ya riwaya ya kwanza ya Kiswahili kuandikwa.