Mchezo Uliowatia Hofu Akina Mama wa Marekani (Sehemu ya 3)

Leo mfululizo wetu wa historia ya michezo unahamia Marekani, na sababu ni hii: juzi kliniki mama mmoja alinivuta pembeni, akafungua kiganja. Alikuwa ameshika dadu lenye pande 20, kalikuta kwenye begi la kijana wake. "Nesi, eti hiki ni kitu cha kishetani?" Nikamwambia nitaandika. Mama, hii hapa.

Dadu hilo ni la michezo ya kuigiza wahusika mezani. Hakuna skrini wala simu. Watu wanne watano wanakaa pamoja, kila mmoja anakuwa mtu fulani kwenye hadithi: mpiganaji, mchawi, mwizi. Mmoja ni msimulizi. Anasema, "Mmefika mlango wa pango, ndani kuna sauti. Mnafanyaje?" Wenzake wanaamua, halafu dadu linasema kama wamefaulu. Ni ule ule mchezo wetu wa baba na mama wa uani, ila huu una kanuni zilizoandikwa.

Mkongwe wao unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitoka mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Gygax alipoteza kazi yake ya bima mwaka 1970, akawa anatengeneza viatu nyumbani kwake Lake Geneva, Wisconsin. Na unajua nani walikuwa wa kwanza kuingia kwenye pango alilolibuni? Wanawe, Ernie na Elise, mwaka 1972. Waliua wadudu wenye sumu, wakapata sanduku la sarafu 3,000 za shaba. Furaha! Kumbe sanduku zito, halibebeki. Watoto wakanuna. Saa tatu usiku wakapelekwa kulala, na baba akabaki anachora ngazi ya pili ya pango.

Sasa tuje kwenye maadili. Tangu mwanzo mchezo huu ulimtaka kila mchezaji aseme yuko upande gani: wa utaratibu, wa vurugu, au katikati. Kitabu cha wachezaji cha 1978 kikaongeza wema na uovu, zikawa tabia tisa. Kulikuwa na shujaa anayeitwa paladini, ambaye akitenda uovu kwa makusudi ananyang'anywa nguvu zake. Kwa hiyo mtoto akisema "namwibia huyu mzee", mezani kuna wenzake wanaomtazama, na msimulizi anayemwambia kilichofuata. Anajifunza kuwa tendo lina matokeo, na hakuna aliyeumia kweli.

Basi hofu ilitoka wapi? Mwaka 1982, huko Virginia, kijana aliyecheza mchezo huu alijiua. Mama yake, Patricia Pulling, aliamini mwanawe alilaaniwa ndani ya mchezo uliochezwa shuleni. Alimshtaki mkuu wa shule, mahakama ikalitupa shauri. Akaanzisha kikundi cha kuupinga mchezo. Mwaka 1985 kipindi cha televisheni cha 60 Minutes kikalipeleka jambo hilo sebule za nchi nzima. Wazazi wakaogopa. Toleo la pili la mchezo lilipotoka mwaka 1989, waliyaondoa hata maneno ya mashetani vitabuni.

Lakini taasisi ya afya ya serikali yao, CDC, pamoja na chama cha wataalamu wa masuala ya kujiua, hawakuona kuwa mchezo huo ndio unaosababisha vijana kujiua.

Mama zangu, tusimcheke mama Pulling. Nimekaa na wazazi waliofiwa, nawajua. Mtu aliyefiwa na mtoto anatafuta kitu cha kushika mkononi, na kitabu chenye picha za mazimwi kinashikika. Huzuni ya mtoto haishikiki. Tukishughulika na mazimwi peke yake, tunaweza kumpita mtoto mwenyewe hapo hapo mezani.

Kwa hiyo angalia haya: mtoto aliyekuwa na marafiki ameanza kujifungia, halali au analala kutwa, anagawa vitu anavyovipenda, anasema "bora nisingekuwepo". Hapo usisubiri. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake, mlete hospitali, hata kama ni usiku.

Na kuhusu lile dadu? Kaa chini, mwombe akufundishe. Sikiliza hadithi yao. Ikiwa na matusi au ukatili usiomfaa umri wake, mwambie. Wewe ndiye mzazi, dadu halikuondolei cheo. Ila jiandae kucheka. Yule mama wa kliniki alirudi jana. Amecheza. Anasema alikuwa mpiganaji shupavu, akarusha dadu likaanguka kwenye moja, akajikwaa mbele ya zimwi. Kijana wake alicheka hadi machozi, kisha mhusika wake akarudi kumwokoa mama.

"Nesi," akaniambia, "miezi yote hii sikuwahi kumsikia akicheka vile."

Sehemu ya 4 wiki ijayo. Usiku mwema.